Mustari wa Ndugu Yangu

Siku ile tulikuwa watu saba mbele ya jiko yangu, na ninawapanga hapa mumoja mumoja kwa sababu wao njo mashahidi. Mimi mwenyewe, mwenye nyumba. Mukamwana wangu, mujane wa mutoto wangu wa kwanza, ambaye bwana yake alipokufa hakurudi kwa wazazi wake, akabaki na mimi, tunalima maharagi pamoja na tunagombana pamoja. Mujukuu wangu, binti wa huyu mukamwana, aliyekuwa amezaa. Kitoto chake cha kike cha siku kumi na mbili, nacho ninakihesabu kwa sababu masikio kilikuwa nayo. Jirani yangu wa upande wa chini, mujane kama mimi, tuliyekimbia naye mpaka Walikale tukarudi naye. Katekista wetu, aliyekuja kuombea mutoto. Na ndugu yangu mwanaume wa tumbo moja, anayenifuata mimi, ambaye siku hizi anakaa Sake. Baba ya mutoto alikuwa Mweso kwa kazi yake. Hakuona, basi simuhesabu.

Majina yao ninayo yote. Ninayo majina ya watu wa mulima huu tangu wakati wa bibi yangu, waliokufa na walio hai, na nani alioa wapi, na nani alizaliwa mwaka gani wa njaa. Ninayo hata majina ya kondoo. Lakini hapa siandiki jina hata moja. Nimeona karatasi inaweza kumufanya muntu nini kama jina lake limeingia ndani. Muliokuwako mutajitambua.

Mimi nilisoma miaka mine tu, primere. Kusoma ninasoma pole pole, na kidole. Ila kufuma nilifundishwa vizuri, na sista mumoja muzungu aliyekuwa anakusanya wasichana nyuma ya kanisa, kila wakati wa jua, kwa sababu wakati wa jua mashamba yanapumuzika. Alitufundisha kusokota manyoya ya kondoo na kijiti chenye kipande cha kibuyu chini, kinazunguka kama pia ya watoto. Alitufundisha kufuma kitambaa cha matundu, chepesi mpaka unaona mukono wako upande wa pili. Yeye alikiita dantele. Sisi tunakiita matundu tu. Wenzangu waliosoma walikuwa wanaangalia kwenye karatasi yake, yenye vimusalaba na viduara, mustari kwa mustari. Mimi karatasi ile ilinishinda. Nilirudi nyumbani nikalia.

Mama yangu aliniuliza, "Mistari ni mingapi?"

Nikasema, "Kumi na mine, halafu inaanza tena."

Akasema, "Watu wa nyumba hii, wafu na wazima, unawajua?"

"Ninawajua."

"Basi weka muntu kwa kila mustari. Karatasi unaweza kuisahau. Watu hautasahau."

Tukakaa, mimi na yeye, tukawapanga. Mustari wa kwanza ni mama yake yeye. Wa pili ni baba yake. Hivyo hivyo mpaka mustari wa sita, ambao ni wangu, na wa saba, ambao ni wa ndugu yangu. Mustari wangu unafungua: unafuma macho kumi ya uzi, unaacha tundu, unafuma kumi, unaacha tundu, na kila tundu linaongeza jicho moja kwenye chuma. Mustari wake unafunga: pale nilipoongeza, yeye anakamata macho mawili anayafanya moja. Mama alicheka sana siku ile. Alisema, "Wewe unafungua mulango, yeye anafunga. Muko hivyo hata kwa chakula." Ndugu yangu alikuwa hapo kando, anasugua kwenye jiwe vyuma viwili vya gurudumu la velo, ile baiskeli mbovu ya baba, ili vinifae kufumia. Vyuma vile ninavyo mpaka leo. Nikiwa nafuma, yeye alikuwa ananiitikia mistari: mimi ninasema jina, yeye anasema matundu. Aliyajua yote kumi na mine na hajawahi kufuma hata jicho moja.

Na mama aliongeza neno moja, na neno hili njo linanitesa. "Muntu hatolewi mu kitambaa," alisema. "Akikosa, anafumwa na kosa yake."

Tangu hapo, kila mutoto wa kwanza wa nyumba yetu anatoka nje mara ya kwanza akiwa amefunikwa kitambaa hicho, watu wote wa nyumba wakiwa juu yake. Nilifuma cha mutoto wangu. Nilifuma cha huyu mujukuu. Na wakati huu wa jua nilikuwa nafuma cha kitoto chake.

Sasa niseme hasira yangu ilitoka wapi.

Vita vilipopanda huku kwetu, mimi na mukamwana na mujukuu na jirani tulikimbia njia ya Walikale, tukakaa huko miaka miwili kwa watu wa kanisa waliotupokea. Ndugu yangu alisema yeye anabaki kulinda shamba. Shamba lile, baba alituachia sisi wawili. Liko juu ya njia ya Ngungu, linashuka mpaka kwenye kijito. Kwenye kichwa chake cha juu kuna muti wa avoka, na chini ya muti wa avoka tulimuzika mama. Nilimushukuru ndugu yangu. Niliomba Mungu amulinde anayelinda.

Tuliporudi, nilikuta senyenge. Nguzo mupya za kalitusi, zinanuka bado, na senyenge mistari mitano, kutoka njiani mpaka kwenye kijito. Ndani, ng'ombe. Ng'ombe wamesimama chini ya muti wa avoka, wanajikuna kwenye shina, na chini pale, mahali pa mama, matope na mavi.

Ndugu yangu hakuwako. Alikuwa ameshahamia Sake.

Nilikwenda kwa chefu. Chefu hakuwako, karani wake alikuwako. Nikamwambia jina langu, nikamwambia shamba. Akafungua kitabu, akapitisha kidole, akasema, "Shamba hii iliuzwa na mwenye shamba mumoja, peke yake. Mwenzake alikufa."

Nikasema, "Mwenzake njo mimi."

Akaniangalia tangu kichwa mpaka mapapa, ndala zangu za miguu. "Mama, hapa iliandikwa desede, amekufa."

"Iliandikwa na nani?"

"Na sisi. Aliyesema ni ndugu yake."

"Na wewe sasa, unaniona ao haunionake?"

"Ninakuona, mama. Lakini kitabu haifutwake na macho. Yule alisema umekufa, yeye mwenyewe aseme unaishi, mbele ya mashahidi. Njo tutafuta."

Nilitoka pale sikutembea, nilikuwa ninakanyaga. Jirani yangu aliyenisindikiza akataka kunituliza, akasema, "Angalau haukulipa sanduku ya kuzikwa." Nilicheka, Mungu anisamehe, na kicheko kilipokwisha hasira ilikuwa imeongezeka mara mbili. Kwa sababu nilielewa. Kama angesema, "Dada yangu hayuko, alikimbia," wangemwambia asubiri mpaka nirudi. Akichagua neno lingine, hasubiri. Neno moja tu. Mimi niko Walikale, ninaomba Mungu amulinde, na yeye ananizika akiwa amesimama.

Hayo yalikuwa mwanzo wa mwezi wa sita. Mujukuu wangu alikuwa na mimba kubwa, na jua lilikuwa limeanza, na kazi ya manyoya haingojei, kwa sababu huku juu, mvua ikirudi, manyoya yaliyooshwa hayakauki, yananuka kama mbwa. Basi nilianza.

Kondoo zetu ni za mbegu ya zile za mapadri, manyoya yake marefu. Ziko ine, tulikimbia nazo na tukarudi nazo. Tulizikata manyoya mimi na mukamwana, yeye anakaa juu ya kondoo, mimi na makasi. Tuliosha kwenye kijito, upande wa chini ambako senyenge inaishia, tukaanika juu ya majani. Tulichana na vichanio viwili vya nywele. Halafu nikasokota, siku baada ya siku, nimekaa mulangoni na kijiti kinazunguka karibu na muguu, na hasira inazunguka nayo. Uzi wa mwaka huu ulitoka mwembamba sana na mugumu. Muntu mwenye hasira anasokota kwa nguvu.

Rangi ni hivi: uzi wa wanawake unapikwa na mbegu ya avoka, unatoka mwekundu kidogo kama udongo uliolowa. Uzi wa wanaume unapikwa na maganda ya kitunguu, unatoka kama asali. Wa mama yangu haupikwi, unabaki mweupe. Mbegu za avoka, mwaka huu niliziomba kwa jirani. Muti wetu ulikuwa umejaa, nilikuwa ninauona tokea mulangoni.

Nilipoanza kufuma, nilisema majina pole pole kama kawaida. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa ine, wa tano. Mustari wangu. Na nilipofika kwake, mudomo ulikataa. Nilisema ndani ya moyo, alinitoa mu kitabu, mimi ninamutoa mu kitambaa. Nikamuruka, nikaingia kwa wa nane. Na ninasema kweli, nilisikia utamu. Kila nilipozunguka nikamuruka, nilisikia utamu ule tena.

Mujukuu alijifungua vizuri, mutoto wa kike. Kitambaa kilikuwa kimefika urefu wa mukono, mistari yote imezunguka mara tano. Mukamwana wangu alipita na sufuria ya sombe, akasimama.

"Mama, hii iko kitambaa ao iko sketi?"

Nikaangalia. Kilikuwa kimeanza kwa upana wa kawaida, na kilivyokwenda kikawa kipana, kipana, kimejikunja pembeni kama jani la kabichi. Nilikuwa nimeona tangu zamani. Nilikuwa nimekataa kuona.

"Iko uzi," nikasema. "Uzi ya mwaka huu iko na kichwa nguvu."

"Uzi haina kichwa, Mama. Wewe njo uko nayo."

"Ao ni vyuma. Vimezeeka."

"Vyuma ni vile vile vya siku zote." Akaweka sufuria chini, akamwita binti yake, ambaye alifika segondere na hesabu inamupenda. Mujukuu akahesabu macho yaliyo kwenye chuma, mutoto kwenye titi, kidole kinapita, akaniambia mimi bibi yake: "Tisini na ine, Koko. Ulianza na ngapi?"

"Sitini."

"Basi kuna pahali unaongeza na haupunguze."

Nikavuta kitambaa kwangu. Mukamwana wangu ananijua. Akanitazama, akasema pole pole, maneno yale yale ambayo sikutaka, "Mama, sema majina, nisikie."

Nikasema la kwanza, la pili, la tatu, la ine, la tano, langu, na la nane.

Mujukuu hakuelewa. Mukamwana alielewa. Alichukua sufuria yake akaingia ndani, na kutoka ndani nikasikia, "Na sisi wengine tutavaa sketi ya hasira yako."

Nilimujibu maneno ambayo siyaandiki. Tulikaa siku mbili hatuongei, tunapeana chumvi kupitia mujukuu.

Ningeweza kupunguza macho pahali pengine. Mujukuu alinionyesha hata namna: unachukua mustari wa nane, unafunga ndani yake, hakuna atakayejua. Ni kweli. Uzi haujui watu. Lakini wa nane ni dada yetu mudogo aliyekufa mutoto, na mustari wake ni laini tu, hakuna tundu, hakuna kufunga, kwa sababu mama alisema huyu alikuwa hajaanza kufanya kitu. Nimupe mutoto kazi ya muzee mwongo? Nilikataa. Na pia nilikuwa ninasikia lile neno la mama, na nilikuwa ninalichukia.

Nikafumua. Kazi ya wiki tatu niliifumua kwa asubui moja, ninavuta uzi na unatoka kwa sauti ndogo, na mimi ninatukana. Jirani alikuja kuomba moto, akanikuta, akauliza ninamutukana nani. Nikasema, "Mwanaume anayerudi mu kitambaa."

Sasa, uzi wa rangi ya asali ulikuwa hautoshi. Rangi nilikuwa ninapika kidogo kidogo, na tangu nimuruke sikumupikia wake. Na manyoya yalikuwa yamekwisha, kondoo wamebaki na ngozi tu. Kulikuwa pahali pamoja tu pa kupata manyoya. Kondoo zangu, zile zisizo na akili, ziliendelea kusahau kwamba shamba si letu. Tangu tuliporudi, kabla hatujazikata manyoya, kila siku zilikuwa zinajisukuma kwenye senyenge kufuata majani ya ndani, na senyenge imezichana. Kutoka njiani mpaka kwenye kijito, kwenye kila mwiba kulikuwa kafungu ka manyoya.

Nikaenda na kitunga. Mukamwana akanifuata bila neno, akaanza upande wa chini, mimi upande wa juu. Tuliyatoa kwenye miiba kimoja kimoja. Nilipofika chini ya muti wa avoka, mama alikuwa ng'ambo, hatua sita. Ng'ombe mumoja mweusi na mweupe alikuwa amelala juu yake, anacheua. Nikamwambia ng'ombe, "Toka." Hakutoka. Nikamurushia avoka iliyoanguka upande wangu, ikamupiga mugongoni. Akanitazama, akaendelea kucheua. Nilisimama pale na vidole vinatoka damu kidogo kwa ajili ya miiba, na nilisema kwa sauti, ili mama asikie, "Nitamufuma. Lakini ataingia na hii."

Manyoya yale tuliyaosha, nikayasokota, nikayapika na maganda ya kitunguu kama kawaida. Hayakutoka asali. Yalitoka rangi ya maji ya kijito yaliyosimama, kijani na kijivu. Kutu ya senyenge ilikuwa imeingia ndani. Nilipika mara ya pili na maganda mengi, ikazidi kuwa nyeusi. Mukamwana akasema, "Acha, Mama. Imejichagua." Hapo njo tulianza tena kuongea.

Nilifuma mbio, muchana na usiku. Mutoto hatoki nje kabla kitambaa hakijaisha, na mujukuu alikuwa amechoka kukaa ndani na moshi. Upana ulirudi sitini, ukabaki sitini. Mimi ninafungua, yeye anafunga. Nilisema jina lake kila mara, ninalisema kama muntu anayetema mbegu.

Mukamwana wangu alimutumia ndugu yangu ujumbe kwa telefone bila kuniuliza: mutoto wa kwanza anatoka, njoo. Aliniambia baadaye. Nilikasirika, halafu nikafikiri juu ya yule karani, na nikaacha kukasirika kwa hilo. Nikabakiza mustari mumoja wa mwisho, ule wa kufungia kitambaa chote. Macho sitini yakabaki kwenye chuma.

Alifika siku ya kumi na mbili ya mutoto, na muntu wa moto, pikipiki ya kulipa, koti lake la jeans limejaa vumbi ya njia ya Sake. Ameanza kuzeeka vibaya, shingo imekuwa nyembamba. Alileta sukari na sabuni. Katekista alikuwa ameshafika, jirani pia. Mujukuu alikuwa amesimama ndani ya mulango na mutoto, anangojea.

Ndugu yangu akasalimia wote. Kwangu akasema, "Dada."

Nikasema, "Karibu. Kaa."

Akaona kitambaa kwenye mapaja yangu, kiko bado na vyuma. Sijui kwa nini, mukono wake ulikwenda wenyewe. Akaanza kupitisha kidole, na mudomo wake unataja: wa kwanza, wa pili. Hajasahau hata mumoja. Alipofika kwangu, akapita haraka. Alipofika kwake, akasimama.

"Mbona mimi niko rangi hii?"

"Uliza senyenge."

Jirani yangu akakohoa. Katekista akaangalia viatu vyake. Mukamwana wangu, ambaye hajui kunyamaza pahali pa kunyamaza, akasema, "Papa, shukuru. Kulikuwa siku haukuwemo kabisa."

Akanitazama. Nikamwambia, "Ni kweli. Nilikutoa. Kitambaa kikaharibika, nikakurudisha. Sasa na mimi niko pahali ulinitoa, na hakuna aliyenirudisha. Mutoto anangojea mulangoni. Mimi sifungi kitambaa hiki mpaka useme mbele ya hawa watu kama mimi nilikufa ao sikufa."

"Dada, mbele ya mutoto?"

"Mbele ya mutoto. Mbele ya karani ulisema bila aibu."

Akaanza kuzunguka. Akasema haukuwa wakati wa kuchagua. Akasema mwenye ng'ombe alikuja na watu. Akasema kama asingeuza lingechukuliwa bure. Na inawezekana. Mimi sikatai kwamba inawezekana. Nilimuacha aseme yote, na nilipoona amechoka nikamuuliza, "Hayo yote nimesikia. Mimi ninauliza neno moja. Nilikufa?"

Mutoto akaanza kulia ndani. Mujukuu akamwambia babu yake kutoka mulangoni, na sauti yake ilikuwa kali, sikuijua, "Tate, sema, mutoto anasikia moshi."

Ndugu yangu akasimama. Akavua kofia. Akasema maneno haya, na ninayaandika kama alivyoyasema: "Dada yangu hakufa. Mimi njo nilisema alikufa, na nilijua iko muzima. Nilisema hivyo juu ya vile karani alikuwa anafunga kitabu bila kuandika." Halafu akasema, chini chini, "Na mama iko ndani ya senyenge. Najua."

Hakuomba musamaha. Na mimi sikumuomba aombe. Nikachukua chuma, nikafunga yale macho sitini moja baada ya lingine, watu wote wamesimama, nikakata uzi na meno. Nikamufunika mutoto. Mujukuu akatoka naye juani, na kitambaa kilikuwa kimelala juu yake vizuri, matundu yamepangana, ule mustari wa kutu unapita katikati ya wengine. Katekista akaomba. Tulikula. Ndugu yangu alikula sana, kama zamani.

Musifikiri ilikwisha. Kabla ya kupanda moto alisema atarudi siku ya tatu, twende pamoja kwa karani. Siku ya tatu ilipita. Ya kumi ilipita. Telefone inaita, haikamatwi. Mvua imerudi, ng'ombe wako pale pale, na kwenye kitabu cha chefu mimi bado ni marehemu anayelima maharagi.

Basi njo sababu nimeandika, mu kaye hii, daftari ya mujukuu wangu, wiki nyingi, na kidole. Karani alisema anataka mashahidi. Nitaibeba kaye kwake, na majina nitayasema kwa mudomo. Ninyi muliokuwako, mujukuu atawasomea kwanza, mumoja mumoja. Kama nimekosea siku, ao nani alikaa wapi, ao mutoto alilia kabla ao nyuma, mulitengeneze, mimi ni muzee. Kama kofia hakuvua, museme. Na yale maneno yake matatu ao mane, mukumbuke vizuri, muniambie kama nimeongeza hata moja. Nitalitoa. Ila musinipunguzie.